Meneja na Programu za Bure

Tani nne za samaki aina ya mbuta zilikuwa zimeoza katika ghala la baridi la Sindo, na uvundo ulikuwa umefika sokoni. Inspekta Robi aliziba pua akaingia. Mitambo haikuwa imeharibika. Mtu aliizima kwa kompyuta siku ya Sabato, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ghala likiwa limefungwa.

Meneja, Barnabas Mokua, alikuwa na mshukiwa tayari. Watu wa aina yake huwa naye siku zote. Amri ilitolewa kwa jina la Nyatichi, fundi wa kompyuta. Tangu jana binti wa watu alikuwa seli, na kesho angepandishwa kizimbani Homa Bay.

Robi akaomba kumbukumbu za kompyuta. Mokua alimjibu kwamba zimefutwa, tena na Nyatichi mwenyewe. Hata zingekuwepo zisingefaa kitu, kwani binti alipenda programu za bure, zile ambazo yeyote huzichukua mtandaoni na kuzifungua apendavyo.

"Kitu cha bure kitalinda nini, madam?" aliuliza, tumbo mbele.

Robi alimwona mpumbavu, lakini upumbavu si kosa la jinai. Akaenda seli. Nyatichi alimweleza kwamba kila mstari unaoandikwa na kompyuta ya Sindo hutumwa papo hapo kwenye kompyuta ya tawi la Uriri. Aliyaandika hayo katika mwongozo wa kurasa sita. Mokua aliutumia kufunikia chai.

Kabla ya saa nane mchana Robi alikuwa ametoka Uriri na karatasi mkononi. Akamwita Mokua kituoni. Konstebo Bonface akaandika maelezo.

"Sabato ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Migori. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Muda wote?"

"Mpaka ibada ikaisha."

"Amri ilitoka kwa kompyuta ya ofisi yako."

"Huyo msichana ako na funguo za kila mahali."

Robi alimsukumia karatasi. Programu nyingine ya bure, ya kuchunguza mtandao, huandika kila kifaa kinachojiunga. Saa nne na dakika kumi na nne, simu ya meneja ilijiunga na Wi-Fi ya ghala.

"Hiyo ni uongo," Mokua alisema. "Simu haikuwa na laini. Nilitoa nikiwa njiani."

Bonface aliacha kuandika. Bwana mkubwa alidhani simu isiyo na laini ni kipande cha sabuni, kumbe ilijiunga yenyewe kama inavyofanya kila siku.

"Njiani kwenda wapi, mzee wa kanisa?"

Mokua alikiri yote: kutoroka ibada, kuzima mitambo, kufuta kumbukumbu. Nywila ya Nyatichi alikuwa nayo, maana alimlazimisha amwandikie.

"Kwa nini?"

"Board ya kampuni ilikuja mwezi jana. Wakamwita yeye aeleze mitambo. Mimi nikaambiwa ningoje nje. Miaka kumi na nane mimi ni meneja! Yeye amekuja juzi na vitu vya bure, na wanamwita madam. Nilitaka waone hazina maana."

"Na akifungwa?"

"Angekaa miezi kidogo tu."

Robi aliwahi kukamata wauaji, lakini huyu alimchukiza zaidi. Aliagiza Nyatichi atolewe.

Bonface alimrudishia binti viatu alivyovuliwa akiingizwa seli, kisha akamwambia meneja avue vyake.