Kuku wa Robi ni wa Nini?

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Robi alifungua banda la kuku, akamwaga pumba chini, kisha akasimama kando kuwatazama wakigombania. Alikuwa darasa la sita, huko Nyanungu, na kuku wale walikuwa wake. Shangazi yake alimpa majike wawili na jogoo, nao wakazaana mpaka banda likajaa. Walikuwa wangapi? Hilo Robi hakulijua. Bibi Mogesi, mama yake baba, alikuwa hataki mifugo ihesabiwe pale nyumbani.

"Usiwanyooshee kidole," alikuwa akisema. "Ukiwahesabu, unawaita wafe."

Asubuhi moja mama yake Robi, Teresia, alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi.

"Robi, hawa kuku wako kazi yao ni kumaliza pumba yangu tu. Shule zikifungwa mwezi wa sita nataka niwe nimeona faida. Nisipoiona, nampa yule mchuuzi wa kuku wa Sirari awabebe wote, hilo banda nifungie mbuzi."

"Sawa, mama," alijibu Robi. Lakini njiani kwenda shule mawazo yalimzonga. Faida anayoitaka mama ni ipi? Mayai, vifaranga au nyama? Alitamani kurudi kuuliza, akaogopa.

Mchana kulikuwa na klabu ya ujasiriamali. Mwalimu Irine alimsimamisha.

"Robi, lengo la biashara yako ni nini?"

"Kufanikiwa na kuku, mwalimu."

"Kufanikiwa ni kufika wapi?"



"Ni kuku wafike chuo kikuu," alinong'ona rafiki yake Precious kutoka nyuma, na wote waliokuwa karibu wakacheka.

"Precious, nitakufikia na wewe. Robi, unao kuku wangapi?"

"Wapo tu, mwalimu."

Sasa darasa zima likacheka. Mwalimu Irine peke yake hakucheka. "Nenda kafikirie," alisema. "Unataka nini, kiasi gani, na mpaka lini. Ukishajua, njoo uniambie."

Robi aliketi akiwa amechanganyikiwa zaidi. Mwalimu anataka idadi, bibi hataki idadi, na mama anataka faida isiyo na jina. Amsikilize nani?

Akaamua kuwasikiliza wote. Mama Anold, mwenye hoteli ndogo pale senta, aliposema anatafuta mayai ya kienyeji, Robi alimpelekea. Juma lililofuata Precious alimwambia, "Wewe unauza mayai, unakula vifaranga wako. Acha kuku walalie, watotoe." Robi akarudi mbio, akamwekea mayai jike mmoja mweusi. Siku nane baadaye, baba yake mdogo, Marwa, akasema biashara ni majogoo, awapeleke mnadani. Robi akawakamata majogoo wawili, akawafunga miguu, halafu akawafungua. Hakuwa na hakika. Jioni hiyo hiyo Mama Anold akatuma ujumbe kwamba mayai yamemwishia na kesho ni Jumamosi, wateja ni wengi.

Robi alitafuta kwenye viota vyote, akapata mayai matatu. Akasimama mbele ya yule jike mweusi. Siku nane ni chache, alijiambia, hayawezi kuwa yamebadilika sana. Akaingiza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akayatoa yote, akayapeleka kwa Mama Anold.

Asubuhi Mama Anold alivunja yai la kwanza juu ya kikaango, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri chapati na mayai. Damu ikamwagika, na katikati yake kidude chenye jicho jeusi. Mteja akasukuma sahani, akaondoka.

"Shikamoo, Mama Anold. Naomba unisamehe," alisema Robi alipoitwa hotelini, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nauza chai hapa, sijafungua kliniki ya vifaranga. Chukua mayai yako. Usirudi mpaka ujue unachouza."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mama hakupandisha hata sauti. "Jumatatu mchuuzi anapita. Mwezi wa sita ni mbali mno."

Jioni Robi alikwenda kukaa kwenye jiwe karibu na zizi. Ng'ombe walikuwa wanaingia, Marwa akiwa nyuma yao na fimbo. Bibi Mogesi alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, akiwatazama tu.

"Marwa, yule mwenye baka yuko wapi?"

Marwa akageuka, akaapa kwamba wote wapo, akatazama tena, kisha akarudi bondeni kumtafuta, bila kubisha.

"Bibi, umejuaje na wewe huwahesabu?" aliuliza Robi.

"Nihesabu nini wakati nawajua? Huyu ni wa maziwa. Wale wawili ni wa kulima. Yule mwekundu ni wa mahari ya Marwa, akipata msichana wa kumvumilia." Bibi akacheka kidogo, kisha akamkazia macho mjukuu wake. "Ng'ombe wa maziwa simfungi jembe. Wewe kuku wako, yupi ni wa nini?"

Robi aligeuka kulitazama banda. Hapo ndipo akaona kilichomsumbua. Jike mweusi alikuwa wa kutotoa juma lililopita, wa mayai jana.

"Bibi, na mayai? Mayai naweza kuhesabu?"

Bibi alifikiri. "Yai ambalo halijalaliwa ni chakula. Hesabu."

Jumapili Robi aliandika kwenye karatasi, akamsomea mama: majike watatu watakuwa wa kulalia, na mayai yao hayaguswi. Waliobaki ni wa mayai, na kila Jumamosi mayai kumi na mawili yaende kwa Mama Anold, mpaka Jumamosi ya juma la kufunga shule.

Mama aliisoma mwenyewe mara mbili. "Haya. Mchuuzi atasubiri."

Mama Anold alikubali kwa sharti la kulitumbukiza kila yai kwenye maji kwanza, na litakaloelea, yaani lisilofaa, lirudishwe. Juma la tatu Robi alipata mayai saba tu. Kwa kuwa alijua yanapungua matano, alijua la kutafuta: kuku wawili walikuwa wanataga kwenye nyasi nyuma ya choo. Akawatengenezea viota bandani, na juma lililofuata yakatimia.

Siku ya kufunga shule, vifaranga walikuwa wanakimbia uani, na pesa ya mayai ilikuwa imenunua madaftari ya muhula ujao. Mchuuzi alipita, mama akamwambia hakuna kuku wa kuuza. Kisha akamwita Robi.

"Hata mimi nilikosea. Nilikwambia nataka faida, na sikujua naongelea nini. Ukisema unataka kufanikiwa tu, kila mtu atakuchagulia njia, na wewe utazikimbilia zote. Sema unataka nini, kiasi gani, mpaka lini. Halafu lilinde lengo lako, hata nikija mimi."

"Nimesikia, mama."

"Vizuri. Sasa nipe mayai mawili, baba yako kasema ana njaa."

Robi alitazama bakuli la mayai, akamtazama mama yake.

"Hapana, mama. Hayo ni ya Jumamosi."

Mama akaenda kumchumia mumewe mboga.