Nyangi Aliyeitikia

Dada yangu Nyangi alikuwa anauza vitenge Musoma mjini, na asubuhi hiyo ya Februari, mwaka juzi, alikuwa anakwenda Ukerewe kwenye harusi ya rafiki yake. Aliondoka nyumbani Kigera mapema, akamwachia mume wake Boniphace chai kwenye chupa, akaniambia mimi nisisahau kuanua nguo. Nilikuwa naishi nao, naendesha bodaboda.

Kabla ya kufika Bunda gari lilikanyaga msumari. Jeki ikakosekana. Walikaa barabarani saa moja na nusu, na alipofika Kisorya kivuko kilikuwa kimeshaondoka, kinaonekana mbali majini. Msumari ule nauwazaga sana.

Akakaa kwenye benchi la mama lishe kusubiri kivuko kingine, pembeni ya mwanamke aliyekuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Ilikuwa saa sita, jua kali. Nyuma yao sauti ya mwanamume ikaita, wala si kwa nguvu.

"Nyangi!"

"Abee!" dada akaitikia, akageuka.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na uwanja mtupu na mbuzi wawili wamelala.

Yule mwanamke akatema muhogo wote kiganjani. 

"Umeitikia?" akanong'ona.

"Si nimeitwa? Naitwa Nyangi."

"Na mimi ni Nyangi. Nyangi wa Shija, wa hapahapa. Hiyo sauti ni ya Mugeta, mdogo wake marehemu mume wangu. Anataka mimi na wanangu watatu tutoke kwenye shamba. Aliniapia nitatoka kwa kipigo, na huyo anaendaga kwa waganga wabaya." Akautazama muhogo kiganjani. "Mdomo ulikuwa umejaa, mwenzangu. Ningeitikia mimi."

Akaondoka mbiombio. Dada aliona ni vituko vya watu tu. Akaenda harusini, akacheza, akarudi, akatusimulia huku anacheka.

Kipigo kilianza Jumanne.

Tulikuwa mezani mchana, ugali na sato. Nikasikia mlio wa fimbo inayokata hewa. Kichwa cha dada kikaruka upande. Damu ikatapakaa kwenye bakuli la mboga. Mlio tena. Fimbo hatukuiona. Tuliona ngozi tu, inapasuka yenyewe, mstari baada ya mstari, na gauni lililo juu yake zima, halina hata tundu. Boniphace akamlalia ili amkinge. Haikusaidia. Yeye hakuumia. Alisikia mapigo yakipita katikati ya kifua chake kama ubaridi, yakitua kwa mke wake chini yake.

Kikakoma ghafla. Jino la mbele la dada tulilikuta kwenye chumvi.

Hospitali walimtazama Boniphace kwa jicho baya, wakaanza kuita ustawi wa jamii. Kesho yake saa sita, wodini, mkono wa dada ulinyanyuka wenyewe ukapindwa kwa nyuma mpaka ukalia. Nesi aliona. Alitupa trei akakimbia, na baada ya hapo hakuna aliyemwuliza Boniphace kitu. Alhamisi katekista alikuja na maji ya baraka. Alitoka na damu ya dada kwenye shati lake jeupe.

Ijumaa tulikwenda Buswahili, kwa shangazi yake mama, bibi Scholastika, ambaye mambo haya ameyaona tangu utoto wake. Alitusikiliza huku anapepeta mtama, hakuinua macho.

"Kinachopiga hakina macho, mura, kijana wangu," aliniambia. "Kina jina moja tu. Aliyeitikia ndiye wake. Siku ya saba kinamaliza."

"Kirudi kwa aliyekituma," nikasema.

"Hakikutumwa kwa jina lake. Kinahama kwa njia moja. Yule Nyangi kilikotumwa aitwe mchana, kwa nyuma, naye aitikie."

Tukamweleza dada. Taya lilikuwa limevimba, jicho la kushoto limefumba kabisa. Akashika mkono wa mumewe.

"Yule ana watoto watatu," alisema taratibu. "Mimi bado sijazaa. Msithubutu."

Boniphace akaapa mbele yake kwamba hatutathubutu. Jumapili asubuhi, siku ya sita, tukiwa nje ya wodi, akaninong'oneza, "Shemeji, washa pikipiki." Sikumwuliza tunakwenda wapi.

Kisorya tuliulizia, tukamkuta Nyangi wa Shija shambani kwake, peke yake, anapalilia, ametupa mgongo. Saa sita inakaribia. Boniphace akasimama kwenye mpaka wa shamba. Akafungua mdomo. Akaufunga. Jasho linamtiririka mpaka kwenye mkanda.

"Siwezi," akanong'ona. "Shemeji, twende. Siwezi."

Niliangalia saa kwenye simu. Zimebaki dakika mbili. Nikamwona dada yangu pale kitandani, anausubiri mlio.

Nikaita mimi.

"Nyangi!"

"Abee!" Sauti ya kawaida kabisa. Ya mtu anayeitwa na jirani. Akageuka na jembe mkononi, akatuona, hakutufahamu. Halafu akafahamu. Uso ulibadilika. Akatazama upande wa nyumba yake, kule walikokuwa watoto.

Mlio.

Goti lilivunjika kwanza, kwa kurudi nyuma. Akaanguka juu ya mihogo yake. Mlio. Mlio. Mlio. Kwa dada kilikuwa kinapiga na kukoma. Hapa hakikukoma. Alitambaa kuelekea nyumbani kwake. Vidole vilipondwa kimoja kimoja kwenye udongo. Hakulia tena baada ya taya kuvunjika. Udongo uliruka mpaka kwenye viatu vyangu. Ulikuwa umeloa damu.

Tulikimbia.

Dada aliamka jioni hiyo akaomba uji. Ndani ya wiki mbili alikuwa anatembea. Boniphace hakuweza kuficha. Alimweleza yote chini ya mwembe wa hospitali, analia kama mtoto. Dada alirudi nyumbani. Alifunga vitenge vyake kwenye mfuko wa rambo, akapanda gari la Bunda, akaunganisha mpaka Kisorya. Yuko huko mpaka leo. Anawalea wale watoto watatu, analima lile shamba, na Mugeta hajakanyaga pale tena. Mdogo wao anamwita mama. Mtu aliyekuwa anakwenda harusini siku moja tu. Simu zangu hapokei.

Boniphace yuko Kigera na pombe yake. Mimi nilihamia Butiama, nikapanga chumba kwa mzee Thadeo, nyumba imara, sakafu ya saruji aliyoimwaga yeye mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita.

Mwezi uliopita nilisogeza mkeka nifagie. Pembeni ya kitanda, upande ninaolalia kichwa, kuna nyayo mbili. Zimezama ndani ya saruji, kina cha nusu kidole, vidole vyote kumi vinaonekana. Nikamwita mzee Thadeo. Alipiga magoti, akazipapasa muda mrefu.

"Hii lazima mtu akanyage saruji ikiwa mbichi," alisema. "Na mimi sikuacha alama hapa."

Miguu ni ya mwanamke, mipana, ya mtu wa kulima. Imeelekea kitandani. Jana nilipima tena kwa kidole, na safari hii kidole chote kilizama, na chini yake ikabaki nafasi.