Kamba Iliyovutwa Mara Tatu

Hema walilipata mnadani Geita, siku ya Jumamosi. La kijani, la watu wanne, zipu nzima, vyuma vyote vipo, ila kamba hata moja. Muuzaji aliapa kwamba huko lilikotoka mahema hayafungwi kamba.

"Basi na suruali zao hazina mkanda," Herman akamjibu, na wote waliosikia wakacheka. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkabidhi msiba asubuhi, jioni anakurudishia harusi.

Walikuwa wanakwenda Pangani, yeye, mkewe Violeth na watoto wawili. Desemba, shule zikifungwa tu, wakalale ufukweni kwenye hema lao kama watalii. Nelly, mwenye miaka tisa, alikuwa ameshaandika mpango kwenye karatasi ya daftari na kuubandika mlangoni mwa friji kwa ugali, maana gundi ilikuwa imekwisha.

Siku ya kwanza: kusimamisha hema.

Siku ya pili: kuonja maji kama kweli yana chumvi.

Siku ya tatu: kumfukia Baba mchangani mpaka shingoni.

Hiyo ya tatu aliiona kwenye simu ya mama yake. Mzee mmoja kafukiwa na watoto wake, kichwa tu kimebaki nje, anacheka.

"Hii nani kaipitisha?" Herman akauliza.

"Kikao," Nelly akasema. "Mimi na Boaz."

"Na mfukiwa hakualikwa?"

"Mfukiwa hana kura, Baba."

Herman alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua ufunguo wa pikipiki. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na watoto walitaka hema lisimame uani jioni ile ile, walijaribu.

"Kamba naijua ilipo," akamwambia Violeth. "Duarani. Ile ya manila. Ile inavuta hata mama mkwe."

Violeth hakucheka. "Ile si ulimpa mama yake Bujiku?"

"Nilimpa kamba," Herman akasema, akapiga kiki, akaondoka.

* * *

Duara lake lilikuwa nyuma ya mlima, mwendo wa nusu saa. Shimo la dhahabu lililokwenda chini moja kwa moja, kuta zake zimeshikiliwa na magogo, juu yake kibanda cha mabati. Tangu masika ya mwaka jana hakuna aliyeshuka humo.

Duarani, mtu wa juu na mtu wa chini hawasikilizani. Wanaongea kwa kamba. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, pandisha mfuko wa mawe. Mara tatu, subiri mtu akae kwenye kitanzi, kisha umpandishe yeye. Kila mchimbaji anaijua lugha hiyo kuliko jina la babu yake.

Siku kijana wake wa kazi, Bujiku, alipofia humo, wenzake walikuwa wamekwenda kula. Juu alikuwa Herman peke yake, kwenye gogo la kuzungushia kamba. Kamba ilivutwa. Herman akapandisha mfuko. Mfuko ulipofika juu, chini ukuta ukashuka wote.

Msibani watu walimuuliza, alivuta mara ngapi?

"Mbili," Herman akasema.

Watu wakatikisa vichwa. Kijana kayapenda mawe kuliko roho yake. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa ameishika ile kamba.

Mwili haukupatikana. Siku ya tano akaja mama yake, Zipora, kutoka Samuye, amejifunga kaniki. Hakudai kitu. Alisema tu, "Nipeni kamba aliyoishika mwisho. Nitazika hiyo."

Sasa, kamba ya manila ya mita sitini, nzima, haina hata uzi uliotoka... Herman alimwonea huruma mama, lakini na kamba pia aliionea huruma. Akaenda dukani, akanunua kipande kipya, akakikata kwa kisu chake. Akakipaka udongo. Kilikuwa bado kinanuka duka, basi akakivaa kiunoni siku nzima na kukisugua makwapani, kipate harufu ya kazi. Jioni akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Hadithi hiyo aliwahi kuisimulia kilabuni. Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe.

Alipofika kibandani, mwanga ulikuwa umebaki kidogo, mwekundu, wa kupitia matundu ya mabati. Akatazama msumari alikoitundika kamba mwaka jana.

Msumari ulikuwa mtupu.

Kamba ilikuwa kwenye gogo. Imezungushwa vizuri. Na ncha yake ilikuwa imeshushwa shimoni.

"Wezi," akasema kwa sauti, ili asikie mtu akisema kitu. "Wezi wastaarabu. Wanaacha mali."

Akaanza kuivuta. Ilikuja nzito... nzito kabisa, kama kuna mtu kwenye kitanzi. Kisha ghafla ikawa nyepesi. Akavuta, akavuta. Kitanzi kilipotokeza mdomoni mwa shimo, kilikuwa kimelowa. Si maji. Akakigusa, akanusa vidole.

Jasho. Jasho na baruti.

Na kilikuwa cha moto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Herman alitafuta utani wa kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuupata. Akaikunja kamba, akaifunga nyuma ya pikipiki, na njia nzima alihisi pikipiki inalalia nyuma, kama imebeba abiria.

* * *

Nyumbani alijipa moyo. Taa ya uani inawaka, redio ya jirani inaimba kwaya, wali unanukia. Akasimamisha hema, akapitisha kamba juu kwenye vyuma na kuifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo na kwenye mti wa mpapai. Kitanzi kikabaki kinaning'inia ndani, katikati. Nelly akaingia na tochi, akafunga zipu.

"Baba, tayari niko Pangani."

"Bahari inasemaje?"

"Kimya," Nelly akasema.

Herman akashika kamba aikaze.

Kamba ikavutwa.

"Boaz, acha."

Ikavutwa tena. Taratibu. Kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Boaz, nitakuacha kwa shangazi yako Ushetu ukavune tumbaku, wenzio wakienda kuogelea."

"Boaz yuko huku anakula," Violeth akajibu kutoka jikoni.

Mara ya tatu.

Mikono ya Herman ikaifahamu kabla kichwa chake hakijaifahamu. Iliachia kamba yenyewe.

"Nelly?"

"Abee."

"Ni wewe unavuta?"

"Hapana. Ni Mjomba mmoja."

Sauti ya Nelly ilitoka chini. Si chini kama ya mtu aliyeketi. Chini kama ya mtu aliye kisimani.

Herman alifungua zipu.

Harufu ikamkuta kwanza. Udongo mbichi, baruti, pumzi ya shimo. Tochi ilikuwa imeanguka, inamulika pembeni. Sakafu ya hema ilikuwa imechanika katikati, na pale palipochanika palikuwa na udongo mwekundu, mpya, laini. Uani kwao udongo ni mweusi.

Nelly alikuwa ndani ya udongo ule mpaka kifuani. Kitanzi kilikuwa kimemzunguka. Halii. Anamtazama baba yake kama mtoto aliyetumwa na mgeni kuuliza jambo.

"Anasema hanivuti kwa nguvu," akanong'ona. "Ananivuta pole pole."

Herman akapiga magoti, akamshika kwapani, akavuta. Alikuwa mtu wa miraba minne, amevuta mifuko ya mawe miaka kumi na mitano. Mtoto hakusogea hata unywele. Alichimba kwa kucha. Akichota mkono mmoja, udongo unajaza miwili.

"Anauliza," Nelly akasema. "Alivuta mara ngapi?"

Nyuma yake Herman alisikia sahani inaanguka. Violeth alikuwa amefika mlangoni mwa hema.

Na hapa ndipo utamjua binadamu. Mtoto wake amefukiwa nusu, mkewe anatazama, na bado ulimi wa Herman ulikwenda ulikozoea kwenda.

"Mbili," akasema.

Udongo ukapanda mpaka shingoni.

Nelly akafumba macho. "Anauliza tena, Baba. Anasema hii ndiyo ya mwisho."

Redio ya jirani ilikuwa imenyamaza. Hata mbwa... kimya. Kamba juu ya vichwa vyao ilikuwa imekazika, inalia taratibu, kama inavyolia ikiwa imebeba mzigo.

"Tatu," Herman akanong'ona. "Alivuta mara tatu. Mfuko ulikuwa umeshafungwa. Kuufungua ni dakika moja tu... sikumpa. Nilisema, mfuko kwanza. Bujiku, ulivuta mara tatu."

Kamba ikalegea.

Walimtoa mtoto bila shida yoyote, kama unavyong'oa karanga baada ya mvua. Violeth akambeba mpaka ndani, akamwogesha, maji yakatoka mekundu mara nne. Alipomlaza, akarudi uani alikokaa mumewe.

"Ile uliyompa yule mama ilikuwa kamba gani?"

Herman akamwambia. Yote. Hata makwapa.

Violeth akaanza kuifungua ile kamba kwenye mpapai. "Kesho asubuhi unakwenda Samuye, Baba Nelly. Mimi sitakusindikiza."

* * *

Walikutana mchana. Zipora alikuwa anapepeta mtama mbele ya nyumba, ng'ombe wamekwenda machungani, uwanja umefagiliwa. Upande wa zizi palikuwa na kaburi dogo, fupi kuliko mtu.

"Shikamoo, mayu, mama yangu," Herman akasema.

Yule mama akaendelea kupepeta. "Sema kwanza kilichokuleta, nijue kama nitakuitikia."

Herman akaiweka kamba chini, miguuni pake. Akapiga magoti. Akasema tatu, na alipomaliza akaambiwa aseme tena kwa sauti, majirani wasikie, maana hao ndio walioambiwa kwamba mtoto wake alikufa kwa tamaa. Akasema kwa sauti. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama.

Zipora akakiokota kitanzi, akakinusa. Uso wake ukabadilika.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema. "Huyu ndiye."

Akaikumbatia kamba yote, mita sitini, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

"Nitalifukua kaburi mwenyewe, mayu," Herman akasema. "Leo hii. Ile nyingine tuitoe, hii iingie."

"Ile haitoki."

"Lakini ile siyo yake. Nilikudanganya."

"Kwani unadhani sikujua?" Hakupandisha sauti. "Nimemnusa mwanangu tangu anatoka tumboni. Ulivyonipa tu ile kamba nikaipeleka puani. Udongo, sawa. Lakini jasho lilikuwa la mtu mwingine. Jasho la mtu aliyeshiba. Njia nzima mpaka hapa nimeipakata, nawaza, hili ni kwapa la nani?"

Zipora akakipangusa kitanzi udongo.

"Ndugu walikuwa wameshafika, vichwa wameshanyoa. Shimo limeshachimbwa. Wakaniuliza, mama, tuzike? Nikasema zikeni. Wakati wanafukia, wote walikuwa wanataja jina la Bujiku. Mimi nilitaja lako."

Upepo ukapita kwenye ungo, makapi yakaruka.

"Kwa hiyo huyu wangu nitamlaza pembeni, ana nafasi yake," Zipora akasema. "Wewe ya kwako unayo, tumekwisha kukulilia. Siku tatu tulikulilia, Baba Nelly, kwa heshima zote. Kilichobaki ni wewe tu kufika."

"Mayu, nina watoto."

"Nami nilikuwa naye. Alikuwa anasema akipata, atakwenda kuiona bahari." Akarudi kwenye ungo wake. "Sasa marahaba. Nenda salama."

* * *

Safari haikuahirishwa. Violeth alikataa. Watoto wameahidiwa bahari, wataiona bahari. Alinunua kamba mpya, nyembamba, za bluu, akaziba sakafu ya hema kwa mkono wake. Hakumwomba mumewe amshikie hata sindano.

Nelly alikuwa mzima. Anakula, anacheza, usiku analala. Aliyebadilika ni Herman. Kilabuni walimwambia atoe hata kichekesho kimoja, akafungua mdomo, akakohoa. Alichotema mkononi kilikuwa kidogo tu, kama punje ya mtama. Udongo. Si mwekundu wa duarani wala mweusi wa uani kwake. Ulikuwa wa kijivu, wa kichanga, kama wa Samuye. Tangu hapo kila jua likizama anakohoa. Akilala chali, kifua kinakuwa kizito, na kwa mbali anasikia watu wanamlilia kwa sauti ya kuchoka.

Jioni ya kuamkia safari, mizigo ikiwa mlangoni, alikwenda jikoni kunywa maji. Karatasi ya mpango ilikuwa bado kwenye friji. Nelly alikuwa amesimama mbele yake na penseli, Boaz pembeni anamshikia tochi, ingawa taa ilikuwa inawaka.

"Nelly, mama," Herman akajaribu, sauti haikutoka vizuri. "Hiyo ya siku ya tatu tuifute. Baba mgongo unamuuma."

"Haiwezekani, Baba. Kikao kimekaa tena."

"Nyie wawili nitawahonga pipi."

"Sasa tuko watatu, na Mjomba," Nelly akasema, akampisha asome.

Siku ya kwanza ilikuwa vile vile. Ya pili vile vile. Kwenye ya tatu hakuna kilichoongezwa. Penseli ilikuwa imepita mara moja tu, taratibu, ikayakata maneno "mpaka shingoni".