Mgeni Aliyeomba Kutazama

Ratmi hakuwahi kupata jibu la nani aliyeshika kamera.

Kamera ilikuwa moja. Uwanjani walikuwa watu watano, na katika kipande kimoja cha filamu yao wote watano wanaonekana: Galih mwongozaji, Tegar mpiga picha akiwa mikono mitupu, Mbah Karso, yaani Babu Karso, fundi wa kupunga pepo, Wening juu ya farasi wake wa mianzi, na Ratmi mwenyewe, pembeni, na kinasa sauti chake. Picha haitikisiki. Inawazunguka polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Filamu ilikuwa ya kuungaunga. Galih alikuwa ameuza pikipiki yake ili kuigharimia. Kisa kilikuwa cha mcheza ngoma ya farasi, kijijini chini ya mlima Merapi, aliyepandwa na pepo asiyetaka kutoka. Walikusudia kukipiga picha kana kwamba ni kweli tupu. Wening, mdogo wake Ratmi, alicheza ngoma hiyo tangu utotoni. Alijua kupandisha kweli, na alijua kuigiza. Walikubaliana aigize.

"Hata kama ni mchezo," Mbah Karso alisema, "ukipiga upatu umebisha hodi. Chano cha sadaka kiwekwe."

Basi alasiri Ratmi alitumwa sokoni. Akanunua maua, dafu, pumba za mpunga na sigara za karafuu, akakoroga kahawa isiyo na sukari. Upatu ukalia. Wening akacheza, akaanguka, akatafuna pumba. Mbah Karso akampulizia sikioni, akamwinua. Kazi safi.

"Kaka," Tegar akasema, "nyuma yake kuku kapita."

"Kuku huyo hatujamwajiri," Galih akajibu. "Turudie."

"Chano kimeshaliwa," akasema Mbah Karso.

Galih akakitazama. Kahawa ilijaa kikombe. Sigara zilikuwa nzima. "Mbona kimejaa, Mbah?"

"Kwa macho yako."

"Jua linazama na soko limefungwa. Mara moja tu, Mbah, nakuomba."

Wening akacheka. "Mbah nawe. Naigiza tu. Nani atakuja kwa ajili ya kahawa ya baridi?"

Mbah Karso alikuwa amemlea ngomani. Hakuzoea kumnyima kitu. Akapiga upatu.

Safari hii Wening hakuanguka.

Alisimama tu... Upepo ulikuwa umetulia, na harufu ya karafuu ikasambaa uwanjani, ingawa hapakuwa na sigara iliyowashwa. Ratmi aliongeza sauti ya kinasa chake. Akasikia pumzi ya mdogo wake ikiingia. Akangoja itoke.

Haikutoka.

Pepo ni mgeni; akifika huulizwa anachoomba. Mmoja huomba dafu, mwingine huomba wimbo fulani, akipewa, huaga. Kumuuliza ni kazi ya fundi peke yake. Lakini Galih alikuwa ameandika swali hilo katika mchezo, akalitoa kabla Mbah Karso hajafumbua mdomo.

"Mgeni, unaomba nini?"

"Kutazama."

Neno hilo halikuwamo katika mchezo. Galih akatabasamu, alilipenda. "Basi tazama."

Kigongo cha kupigia upatu kikamponyoka Mbah Karso.

"Umempa," akanong'ona.

Adhana ya magharibi ikaanza. Wening akashuka kwenye farasi, akaenda kukaa kando ya njia, na tangu jioni hiyo akawa mtu wa kukaa. Akilishwa alikula. Akilazwa alilala, macho wazi. Macho hayo yalimfuata kila aliyeingia nyumbani kwao, hayapepesi, hata majirani wakaacha kuja. Ratmi alimwosha uso kila asubuhi kama anayeosha sahani. Alingoja huzuni, haikuja.

Kisha Galih, akipanga picha zake, akaiona ile ya watu watano.

"Kamera niliiweka juu ya sanduku," Tegar aliapa. "Nilikuwa napumzisha mkono, Kaka."

Walikutana jikoni kwa mama yao Ratmi.

"Mgeni haondoki katikati ya alichoomba," akasema Mbah Karso. "Kapewa kutazama, basi atazame mpaka mwisho, kisha aambiwe kwamba imekwisha. Filamu iwe yake. Mwingine asiione, na kisibaki kipande."

Hakuna aliyemlaumu Galih, na pengine hilo lilimwelemea zaidi.

"Nakala je?" Ratmi akauliza.

"Ningeitoa kwa hela gani, Dada?" Galih akaweka diski ya filamu mezani, karibu na mchi wa pilipili.

Wa kutamka neno hilo la mwisho alipaswa kuwa damu moja na kiti, yule aliyepandwa, aelekeane naye, aipe picha mgongo. Mama akasema atakwenda yeye.

"Kaa, Mama," Ratmi akasema. "Mimi moyoni sisikii kitu siku hizi."

Wakafunga shuka baina ya mianzi miwili pale uwanjani. Galih akaunganisha projekta, akaondoka na wenzake bila kutazama nyuma. Ratmi akaketi mbele ya mdogo wake, goti kwa goti. Mwanga wa filamu ulicheza usoni mwa Wening. Macho yake yakaenda kushoto, yakarudi kulia. Mgongoni mwa Ratmi upatu ukalia, Galih akauliza swali lake, akajibiwa. Kisha kimya.

"Imekwisha," Ratmi akasema. "Nenda kwa amani."

Nyuma yake, upande wa shuka, mtu akashusha pumzi ndefu...

Wening akapepesa macho.

"Dada," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "mbona unalia?"

Ratmi akagusa shavu lake. Lilikuwa limelowa. Hakujua tangu saa ngapi.

Hakugeuka. Alipapasa nyuma, akazima projekta, akachomoa diski, akaiweka juu ya jiwe na kuanza kuiponda kwa jiwe jingine. Aliponda hadi ikawa vumbi na vipande. Kisha akainua kichwa amtazame mdogo wake.

Mwanga wa filamu ulikuwa bado unacheza usoni mwa Wening.

Ratmi akaendelea kuponda vile vipande.