Jiji Linaishia Darajani

Jirani yetu, fundi cherehani, anadai kwamba shangazi yangu alikaa chini sakafuni katika ofisi ya jiji, akagoma kuondoka. Eti askari walimbeba mpaka nje, naye bado anazungumzia mtaro tu. Mimi sikuwepo. Fundi naye hakuwepo. Lakini ni kweli kwamba shangazi alirudi amenuna na amechoka hoi.

"Wanasema mtaro si wao," alisema. "Sasa ni wa nani? Wangu?"

Mji wetu ni mdogo, na jiji kubwa liko karibu. Asubuhi watu wengi hupanda treni kwenda kazini huko. Mchana mitaa hubaki na wazee, watoto na wenye maduka. Jioni watu hurudi na viatu vipya na habari. Ndiyo maana tumezoea kuona kila kitu ni cha jiji. Hata malalamiko tulikuwa tunayapeleka huko.

Mtaro wa mbele ya nyumba yetu ulikuwa umeziba. Mvua ikinyesha, maji machafu yaliingia chumbani kwa bibi. Baba mdogo, anayeishi jijini, alikuwa ameshasema, "Yakiingia tena, namchukua mama."

"Sitoki," bibi alijibu. "Huko kwenu ghorofani, nikitaka kumsalimia jirani nipige tarumbeta?"

Siku moja bwana afya wa mji wetu alipita kukagua bucha. Shangazi akamdaka njiani, akamwonyesha mtaro.

"Dada, jiji linaishia pale darajani," bwana afya alisema. "Huku ni mji wetu, una halmashauri yake. Mitaro, taka, taa za barabarani, yote ni kazi yake."

"Iko wapi hiyo halmashauri?"

"Nyuma ya soko. Lile jengo la kijani."

"Lile? Mimi najua ni ghala la mahindi!"

Bwana afya alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza, "Usiende peke yako. Nenda na majirani. Semeni mtaro umeziba wapi, tangu lini, na unamdhuru nani. Na nyinyi muache kutupa taka humo. Maji yakituama mbu huzaliana, na malaria haichagui nyumba."

Tulikwenda, hata bibi na mkongojo wake. Wiki hiyo hiyo wafanyakazi walikuja na makoleo. Walitoa vitambaa vya rangi zote, vimesokotana kama kamba.

"Fundi!" shangazi aliita. "Hili si gauni langu?"

"Mabaki tu hayo, dada," fundi alisema, macho chini. "Nilifagilia mtaroni nikidhani maji yatayapeleka mbali."

"Yamepeleka kweli. Chumbani kwa mama!"

Siku hizi mabaki anayatia kwenye gunia, nasi tunajazia mito ya kulalia. Taka za mtaa tunaweka kwenye pipa, na gari la halmashauri huja kuzichukua.

Mvua kubwa ilipokuja, maji yalipita mtaroni yakaenda zake. Bibi aliamka chumbani kwake, sakafu kavu. Asubuhi hiyo baba mdogo alipiga simu. Barabara ya kwao ilikuwa imejaa maji, alikuwa amekwama.

"Hamia huku, mwanangu," bibi alisema. "Treni ipo, utakwenda kazini kama wenzako. Unakuja lini?"