Nusu Picha ya Kileleshwa

Waringa Maina, mwalimu wa Woodley, alikata roho jioni katika hospitali moja ya Parklands, wauguzi wakisubiri picha ya kichwa chake isomwe. Ilikuwa mwaka 2006. Daktari Zadock Kihara, mpasuaji wa zamu, husoma picha kwenye kompyuta ya nyumbani kwake Kileleshwa, kisha huja kupasua. Alipopigiwa simu, alisema ameona nusu tu, watume tena. Wakatuma tena.

Asubuhi, Muthama, mkuu wa kompyuta hospitalini, alikuwa seli.

"Mtandao wake ndio uliomuua," Kihara aliandikisha polisi.

Inspekta Syokau hakutulia. Alimfunga Muthama pingu, akarudi naye hospitalini.

"Mtandao ulikuwa mbaya jana?"

"Mbaya sana, madam. Wachimbaji wa barabara walikata waya Westlands. Vipande vilikuwa vinapotea njiani."

"Basi daktari anasema ukweli."

"Hapana. Picha hukatwa vipande, kila kimoja na namba yake. Kompyuta ya daktari ikipokea kipande, inajibu. Isipojibu, hii yetu inakituma tena. Itachelewa tu."

"Nionyeshe."

Muthama alituma picha chumba cha pili. Syokau akang'oa waya katikati ya safari. Kioo kikabaki cheusi. Akaurudisha, baada ya muda picha ikatokea, nzima.

"Nusu iko wapi?"

"Hakuna nusu, madam. Haifunguki mpaka kipande cha mwisho kifike."

Syokau alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Kileleshwa, hema la sherehe lilikuwa bado uani. Alimwacha Muthama garini, akaingia.

"Daktari, uliona nusu gani?"

"Ya juu. Ya chini ilikatika."

"Nimekata waya mwenyewe leo. Programu yenu haionyeshi nusu."

Kihara alitazama mlangoni. Mkewe, Wanjugu, alikuwa amesimama hapo.

"Zadock, mwambie."

Daktari aliketi. "Ilifika nzima. Damu niliiona."

"Mbona ukasema nusu?"

"Ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yetu. Nilikuwa nimekunywa tangu mchana. Ningesema nimeiona, wangeniita nipasue, na mikono ilikuwa inatetemeka. Nilitaka pombe initoke kidogo."

"Ungesema umelewa, wangemwita mwingine."

"Ningepoteza kazi."

Syokau alimtoa nje, akamfungua Muthama pingu na kumfunga daktari zilezile.

"Nenda nyumbani, Muthama. Pole."

Muthama alisugua mikono, asishuke.

"Nipeleke kwa mamake Waringa kwanza," alisema. "Ameambiwa ni mimi."