Mkono wa Kushoto wa Ruggero

Jumapili hiyo ilianza kama Jumapili nyingine zote za Castellammare, mji wa pwani kusini mwa Italia. Tangu alfajiri sufuria ya mchuzi ilikuwa ikitokota polepole jikoni kwa Donna Amalia, kifuniko kimeegeshwa juu ya mwiko, na harufu ya nyanya na nyama ilikuwa imeshateremka ngazi zote hadi mlango wa barabarani. Jengo zima lilijua kinachopikwa, na lilijua kwa nini. Siku hiyo Ruggero angekuja kupanga tarehe ya harusi yake na Nunzia, binti mkubwa wa Donna Amalia.

Fortuna, mdogo wake Nunzia, ndiye aliyetandika meza. Alikuwa na shahada ya saikolojia, hakuwa na kazi, na alikuwa na tabia ya kuyakagua mambo hadi yamchoshe. Alinyoosha uma, akarudi nyuma, akautazama, akaunyoosha tena.

"Wewe mtoto," mama yake akamwambia, "mtu anakuja kula, haji kupimwa."

Lakini Fortuna alikuwa ameshampima. Ruggero alikuwa mgane kutoka kaskazini kabisa, mwenye nyumba kando ya ziwa. Mke wake wa kwanza, Ersilia, alikuwa mtu wa hukuhuku, wa Pozzuoli. Aliteleza gatini akazama. Baada ya harusi, Nunzia naye angekwenda kuishi katika nyumba ileile, mbele ya gati lilelile. Hilo ndilo lililomnyima Fortuna usingizi. Mara mbili alizokutana na huyo bwana alimchunguza alivyofundishwa chuoni: viganja viko wazi, hagusi pua anapojibu, hafichi vidole gumba. Kwa mujibu wa vitabu, mtu mkweli. Ila kitu kimoja tu. Kila mahali, garini, kanisani, kwenye kila picha, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika mkono wa Nunzia. Hauachii.

"Anampenda," mama alisema. "Marehemu baba yenu hakunishika hivyo hata siku ya ndoa. Alishika glasi."

Siku hiyo Nunzia alikuwa akipakua na kupeleka sahani. Mkono wa kushoto wa Ruggero ulibaki peke yake, umelala juu ya paja.

Mezani walikuwa watano: hao wanne, na mjomba Gaetano, kaka yake mama, ambaye masikio yake aliyaacha kwenye karakana ya meli, kati ya nyundo na mabati. Maneno kwake yalikuwa vumbi. Alisoma mikono ya watu, akajibu kwa kupayuka.

"Tambi zimeiva vizuri, Ruggero?" mama akauliza.

"Nzuri mno, mama." Mkono wa kulia ulikuwa na uma. Wa kushoto ukainuka kutoka pajani. Kidole cha shahada kikachoma shavu, kikazunguka taratibu, kana kwamba kinakaza skrubu. Ndivyo watu wa huku wanavyosema utamu umezidi.

Meza ikacheka.

"Huyu ameshakuwa wetu," mjomba akapayuka. "Wenzake wa kaskazini mikono ni ya kubebea mizigo tu. Yake imeota ulimi."

Ruggero naye akacheka, lakini kwa kuchelewa, baada ya kuwatazama wengine, kama mgeni anayechekea hadithi asiyoielewa. Fortuna hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono. Ulipokuwa shavuni, kidole kidogo kilisimama kando na kifundo kikalegea, kwa madaha ya mwanamke aliyezoea bangili. Kisha, kabla haujashuka, ulipita begani na kurudisha nyuma nywele ndefu ambazo hazikuwepo.

"Na baridi ya huko je?" mama akaendelea. "Nunzia kifua chake si kizuri."

"Usijali, mama. Nyumba ina joto."

Ncha za vidole vya kushoto zikakutana, zikafunguka, zikakutana, zikafunguka. Haraka. Mtoto wa mtaa huo angekuambia maana yake: hofu.

"Unaogopa nini?" mjomba akauliza.

"Samahani?" Ruggero akasema.

"Nakuuliza, unaogopa nini?"

"Gaetano, kula," mama akamkatiza. "Hakuna aliyesema anaogopa."

"Amesema sasa hivi. Mimi ni kiziwi, si kipofu."

Nunzia alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sahani ya nyama. Mkono ukamwelekea. Kidole kikagusa chini ya jicho la Ruggero, kikalivuta kope la chini. Jihadhari. Nunzia aliitazama sahani, isimwagike. Ruggero akaudaka mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuurudisha chini ya meza, kwa nguvu, kama mtu anayemvuta mtoto aliyekimbilia barabarani. Aliendelea kutabasamu. Chini ya meza kitu kiligonga mbao mara kadhaa, kisha kikanyamaza.

Baada ya chakula Ruggero alitoka kwenda roshani kupunga upepo. Fortuna akampelekea kahawa. Chini, watoto walipiga mpira ukutani. Jua lilikuwa kali na bahari nyeupe kwa mwanga. Hakuna mtu angefikiria mambo ya wafu saa kama hiyo.

"Shemeji, samahani nikuulize. Marehemu aliteleza?"

"Aliteleza." Akashika kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa, akakiweka ukingoni. "Mbao za gati zilikuwa na utelezi. Mimi nilikuwa ndani." Akamfungulia kiganja cha kulia. Kiganja wazi, safi, kama picha kitabuni.

Mkono wa kushoto ukapanda. Kucha zikapita chini ya kidevu, zikatupwa mbele. Mara moja.

Hapana.

Kaskazini, anayeijua ishara hiyo huitumia kusema hajali. Huku ni hapana, basi. Na Ruggero hakuwa hata akiutazama mkono wake.

Fortuna akautazama mkono. Akauliza tena, kwa sauti ndogo. Safari hii hakumuuliza yeye.

"Hukuteleza?"

Kucha chini ya kidevu. Hapana.

"Nani?"

Kidole gumba kikasimama. Kikageuka polepole. Kikaelekea kifuani kwa Ruggero.

"Unaongea na mkono wangu," Ruggero akanong'ona.

Fortuna akawatazama watoto chini.

"Usinifiche. Kwetu wanasema ni neva. Daktari amenipa vidonge, sikupata nafuu. Nilidhani unarukaruka tu. Mpaka nilipokuja huku, nikawaona ninyi mnavyoongea sokoni." Akamwinamia. Pumzi yake ilinuka kahawa. "Huo mkono unasema nini?"

Fortuna alijua kwamba jibu moja lingemweka dada yake ndani ya gari la mtu huyu, na jibu jingine lingemweka yeye mwenyewe mahali pabaya zaidi, pale pale, ghorofa ya nne, juu ya ukingo mfupi.

"Unasema kahawa ni ya moto."

Ruggero alimalizia kahawa yake. Kisha akatabasamu. "Si kitu. Nunzia atanifundisha. Kule tutakuwa na muda mwingi, wawili tu."

Akaingia ndani.

Fortuna alimfuata dada yake jikoni, akamkamata kiwiko, akamtoa hadi roshani na kuufunga mlango wa vioo nyuma yao.

"Nina vyombo, Fortuna."

"Dakika moja. Usinisikilize mimi. Mtazame yeye."

"Huu mwaka mzima nafanya nini?"

"Umetazama uso."

Nyuma ya kioo sauti hazikupita. Ruggero alikuwa amekaa karibu na mama, akimwelezea nyumba: mkono wa kulia ulichora paa, ukachora madirisha, ukachora ngazi za kushukia majini. Mama alitikisa kichwa kwa furaha. Kisha wa kushoto ukainuka, nyuma ya kiti, mahali ambapo mama hakuweza kuuona. Ukageukia kioo.

Ulimwonyesha Nunzia kidole. Wewe.

Ukajigusa kidole cha pete kwa kidole gumba. Mke.

Ukajikunja, ukashika kitu hewani. Kitu chembamba, chenye upana wa shingo. Ukakisukuma chini. Chini zaidi, kama afanyavyo mfuaji anayezamisha shuka kwenye beseni. Ukakishikilia hapo. Haukuachia. Vidole vikaanza kutetemeka. Haukuachia. Kisha vikatulia, vikafunguka kimoja kimoja, na kiganja kikabaki kinaelea juu juu, kinapanda kidogo, kinashuka kidogo.

Ruggero alikuwa anatabasamu. Mama alikuwa anatabasamu. Mjomba Gaetano, upande wa pili wa meza, alikuwa ameweka kitambaa mdomoni.

"Ni ugonjwa," Nunzia akasema. "Aliniambia. Ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa haujifunzi ishara zetu, dada."

Chini mpira uligonga ukuta, ukagonga tena.

"Akilala anaufunga," Nunzia akasema. "Kwa mkanda, kwenye kitanda. Nilidhani unamuuma."

Akafungua mlango, akaingia, akavua pete na kuiweka kando ya kisosi cha Ruggero. Haikutoa hata mlio.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?" mama akauliza. "Nunzia, umepatwa na nini?"

"Nani amekuambia nini?" Ruggero akauliza, kwa upole.

Nunzia akainua mkono wake mwenyewe, akapitisha kucha chini ya kidevu na kuzitupa mbele, usoni mwa Ruggero.

Huyo mtu alitazama ishara hiyo. Halafu akautazama mkono wake wa kushoto. Fortuna aliona kitu kikifika machoni pake, polepole. Miaka yote hiyo, mara zote hizo, mbele ya majirani, mbele ya maaskari, mbele ya padri kaburini. Sasa alijua mkono huo ulikuwa unasema nini: hapana.

Hakugomba. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akampa mama mkono wa kulia. Mama aliupokea bila kuelewa, midomo wazi. Mjomba Gaetano akainuka naye. Wa kulia hakuutaka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule ambao bati la meli liliukata vidole viwili ujanani, akaomba wa kushoto wa mgeni. Akaushika. Na yeye, ambaye kwa miaka hakuwahi kusema neno bila kupayuka, akanong'ona:

"Shuka, binti yangu. Umefika kwenu."

Mkono wa Ruggero ulishtuka kuanzia begani. Mara moja, kwa nguvu, hata kiti kikaanguka. Kisha ukalegea.

Mlangoni Ruggero alisimama, akaufunga mkono wa kushoto na kuufungua. Akaugeuza huku na huku. Akakunja vidole kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimtii. Fortuna alikuwa karibu yake, ameshikilia kitasa.

"Umetulia," Ruggero akamwambia, kwa sauti ya siri, karibu ya shukrani. "Umetulia kabisa."

Akateremka ngazi bila haraka. Mkono ulishika reli ya ngazi, ukateleza nayo kwa amani, mkono kama mikono mingine ya wanaume wote. Hapo ndipo Fortuna alipoelewa walichokifanya. Dada yake alikuwa jikoni, mzima, analia juu ya sinki. Lakini mahali fulani kuna mwanamke mwingine ambaye siku moja ataketi karibu na mtu huyu, naye atautazama mkono huo, na mkono hautamwambia kitu.

Alirudi mezani, akamuuliza mjomba kwa vidole: marehemu amesema nini?

"Amechoka," mjomba akasema, bado kwa sauti ya chini. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya kitambaa cha meza. "Alitaka kurudi tu. Maji ya huko ni ya baridi mno, Fortuna. Hayana chumvi."

Akakiinua kiganja.

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Alama ya mkono, vidole vitano, vyembamba na virefu. Mama alileta taulo, akafuta. Akaleta pasi ya moto, akapiga hadi kitambaa kikaanza kunuka kuungua. Pembeni palikauka. Alama haikukauka. Mwishowe akaacha, akajifunga shali katika joto lile, akaenda kukaa na Nunzia jikoni.

Jioni Fortuna alipokuja kuondoa glasi, alama ilikuwa bado mbichi. Lakini vidole vinne vilikuwa vimejikunja kiganjani. Kimoja tu kilikuwa kimenyooka, kirefu, kinaelekeza kwenye mlango aliotokea Ruggero.